Vikundi vya taarab Unguja: wapinzani wanaosomeshana

Mjini Unguja, taarab ina vikundi viwili vikongwe: Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958. Upinzani wao ni wa jadi, na mimi siuoni kuwa kasoro. Ndio uliowafanya watunzi wasilale. Shida ya taarab asilia iko kwengine. Inataka fidla kadhaa, udi, nai, akodiani na ganuni, na mpiga ganuni hapatikani kwa mazoezi ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo wapinzani hukutana. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzia kwenye jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe, kinafundisha ala hizo: wakongwe wa taarab ndio walimu, na kijana akihitimu hupiga na kikundi chochote kitakachomwita. Hata hicho, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha.

Harusini kwetu Mombasa, kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya wapigaji watano. Mwenye harusi anaokoa pesa, sikatai. Lakini kijana wa Kibokoni anayetaka kujifunza udi, aende kwa nani tangu Zein l'Abdin atutoke mwaka 2016?