Tarehe Nne au Tarehe Tano? Ugomvi wa Kuhesabu Wafu katika Ireland ya Kaskazini

Tarehe 28 Januari 2009, katika ukumbi wa Hoteli ya Europa mjini Belfast, wazee wawili walipanda jukwaani kutangaza taarifa waliyoishughulikia kwa mwaka mmoja na nusu. Robin Eames alikuwa askofu mkuu mstaafu wa Kanisa la Ireland, lililo la Kianglikana. Denis Bradley aliwahi kuwa padri wa Kikatoliki kabla ya kuuacha upadri. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewaomba watafute njia ya kuyamaliza yaliyopita. Mapendekezo yao yalizidi thelathini, lakini siku ile lilisikika moja tu: kila familia iliyofiwa kwa sababu ya mapigano ipewe pauni 12,000, bila kuulizwa marehemu alikuwa nani. Mjane wa polisi aliyepigwa risasi mlangoni pake angepokea kiasi kilekile ambacho angepokea mama wa kijana wa IRA aliyelipukiwa na bomu alilokuwa analitega. Wafiwa walioshika picha za wapenzi wao walisimama wakafokeana uso kwa uso, wazee wale wakitazama. Mwezi uliofuata serikali ililitupa pendekezo hilo.

Kosa la wazee hao, ikiwa lilikuwa kosa, ni kudhani kwamba majonzi yana bei moja. Waliokuwa ukumbini hawakuja kubishania fedha. Walibishania neno.

Kiswahili kina njia yake ya kulionyesha tatizo hilo. Leo magazeti humwita aliyeuawa au kudhurika “mhanga”, na wapo wasahihishaji wanaopinga, wakikumbusha kwamba mhanga ni mtu anayejitoa, ndiyo maana tukasema “kujitoa mhanga”. Neno moja limewabeba aliyeuawa bila hiari na aliyekwenda kufa kwa hiari yake. Kwetu huo ni ubishi wa wanaisimu. Belfast ni ubishi wa bunge na mahakama. Sheria ya mwaka 2006 humhesabu kuwa mwathiriwa kila aliyejeruhiwa mwili au akili, kila anayemuuguza mtu wa namna hiyo, na kila aliyefiwa, wala haiulizi mkono wake ulifanya nini. Vyama vya Wanamuungano vimejaribu kuibadili mara kadhaa bila kufaulu. Kanuni za malipo ya majeruhi zilipotungwa mwaka 2020, zilimtenga aliyejijeruhi kwa tendo lake mwenyewe la jinai. Safari hii walioona wamedhulumiwa walikuwa upande wa pili, na utekelezaji ukakwama hadi mahakama ilipoamua kwamba ofisi ya viongozi wakuu wa jimbo ilivunja sheria kwa kukataa kuteua wizara ya kuusimamia.

Msomaji aliye mbali na kisiwa hicho huenda akahitaji kukumbushwa mpangilio wa pande hizo. Ireland iligawanywa mwaka 1921. Kaunti sita za kaskazini-mashariki, ambako Waprotestanti walikuwa wengi, zilibaki chini ya Uingereza, na nyingine ishirini na sita zikajitenga na kuwa dola huru. Wanamuungano, ambao wengi wao ni Waprotestanti, wanataka kaunti hizo sita zibaki zilivyo. Wazalendo, wengi wao Wakatoliki, wanataka kisiwa kizima kiwe nchi moja. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Mapatano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998, watu wapatao 3,500 waliuawa katika jimbo ambalo halikufikisha watu milioni mbili. Kipindi hicho kwa Kiingereza kimepewa jina la upole sana, kama kusema “Taabu”, jina ambalo lingemtosha mtu mwenye deni dukani. Warepublika waliokuwa nyuma ya IRA huliita jambo hilo vita. Wanamuungano huliita ugaidi. Hapo ndipo njia zinapoachana, kwa kuwa vita ina askari pande zote mbili, nao wote hufa kama askari. Jinai ina muuaji na aliyeuawa, basi.

Ubishi huu ulianza zamani, kabla ya IRA kuwapo. Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ulster waliwaasi walowezi wa Kiingereza na Kiskoti waliokuwa wamepewa ardhi yao miaka thelathini nyuma. Mwezi uliofuata, huko Portadown, Waprotestanti wapatao mia moja, wanawake na watoto wakiwamo, walisukumwa kutoka darajani wakatupwa katika mto Bann. Waliookoka mauaji ya aina hiyo walikwenda Dublin na kutoa maelezo yao kwa kiapo. Maelezo hayo, yapatayo elfu nane, yamehifadhiwa Chuo cha Trinity katika majalada thelathini na moja. Yana mambo ambayo mtu aliyaona kwa macho yake, na yana mambo aliyoyasikia kwa jirani ambaye naye alihadithiwa, na makarani waliyaandika yote kwa wino uleule.

Mwaka 1646 Sir John Temple alichapisha kitabu juu ya uasi huo, akachota kutoka maelezo yale, akadai kwamba waliouawa walikuwa laki tatu. Idadi hiyo iliwazidi Waprotestanti wote waliokuwa wakiishi Ireland wakati ule. Wanahistoria wa leo husema maelfu kadhaa, na maelfu kadhaa ni maafa tosha. Lakini laki tatu ndiyo iliyofanya kazi. Cromwell alipouteka mji wa Drogheda Septemba 1649 na kuwaua watu wake, alieleza kuwa hiyo ni hukumu ya Mungu juu ya waliomwaga damu isiyo na hatia. Ila Drogheda ni mji ambao waasi wa 1641 waliuzingira wakashindwa kuuteka. Waliolipishwa deni hawakuwa waliolikopa. Upande wa Wakatoliki nao una mahali pake pa kukuza hesabu: huko Islandmagee, Januari 1642, Wakatoliki waliuawa na majirani zao Waprotestanti, na masimulizi ya baadaye yaliwafanya marehemu hao kuwa elfu tatu, zaidi sana ya wakazi ambao rasi ile ndogo ingeweza kuwa nao.

Daraja la Portadown lipo hadi leo katika mabango ya hariri ambayo jumuiya za Kiprotestanti hubeba kwenye maandamano ya Julai. Mtu anayeliona bango hilo likipita mbele ya nyumba yake hafundishwi historia ya karne ya kumi na saba. Aliye Mwanamuungano huambiwa: walitufanyia hivi, na wangeweza kurudia. Aliye Mkatoliki husikia: hatujasahau ninyi ni watu gani. Oktoba 2010 maelezo yale yote yaliwekwa kwenye intaneti, na katika uzinduzi walikuwapo Mary McAleese, Rais wa Ireland, Mkatoliki mzaliwa wa Belfast, pamoja na mchungaji Ian Paisley, ambaye kwa muda mrefu alikuwa sauti kali kuliko zote upande wa Muungano. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kusoma mwenyewe nani aliona na nani alisikia.

Paisley huyo anarudi katika kisa kingine, na hapo hapendezi.

Jioni ya tarehe 5 Januari 1976, basi dogo lilikuwa likiwarudisha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kutoka Glenanne kwenda Bessbrook, kusini mwa Kaunti ya Armagh. Karibu na Kingsmill lilisimamishwa na watu waliovaa mavazi ya kijeshi. Wafanyakazi walidhani ni askari wa Uingereza. Wakaamriwa kushuka na kupanga mstari, kisha wakaulizwa ni nani kati yao Mkatoliki. Alikuwapo mmoja tu, na wenzake Waprotestanti walijaribu kumzuia asijitaje, maana waliamini kwamba anayetafutwa auawe ni yeye. Aliambiwa akimbie. Wale kumi na mmoja waliobaki walimiminiwa risasi. Kumi walikufa, mmoja alipigwa risasi kumi na nane, akapona.

Sasa tarehe. Wanamuungano wanapokihadithia kisa hiki huanza na tarehe 5. Wazalendo huanza na tarehe 4, kwani jioni iliyotangulia genge la Kiprotestanti, ambalo ndani yake walikuwamo polisi na askari, liliingia katika nyumba mbili za Wakatoliki, moja Whitecross na nyingine Ballydougan, likawapiga risasi watu wa familia. Watatu wa nyumba moja na watatu wa nyingine walikufa, mmoja wao baada ya kulazwa majuma kadhaa. Anayeanza na tarehe 4 huiona Kingsmill kama jibu. Lakini mbona aanzie hapo? Tarehe 31 Desemba bomu la Warepublika lilikuwa limewaua Waprotestanti watatu katika baa moja ya Gilford. Tarehe 19 Desemba Wakatoliki watatu walikuwa wameuawa katika baa ya Silverbridge. Septemba 1975 Waprotestanti watano waliuawa wakiwa kikaoni katika ukumbi wao wa Tullyvallen; Julai ya mwaka uleule wanamuziki watatu wa bendi ya Miami waliuawa barabarani. Ukiendelea kurudi nyuma hivyo hutapata mahali pa kusimama, na huenda ukajikuta tena juu ya daraja la Portadown. Kila upande husimama pale panapoufaa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, na kalenda nayo inaweza kuwa mkuki.

Mwaka 1999 Paisley, akitumia kinga ya bunge la London, alimtaja ndugu wa vijana waliouawa Whitecross kuwa alihusika na Kingsmill. Mkuu wa polisi alisema hakuna ushahidi wowote. Aliyesimama kumtetea mtu huyo alikuwa manusura wa risasi kumi na nane. Ndugu huyo, siku ile ya tarehe 5, alikuwa na familia yake njiani kwenda kuchukua maiti za jamaa zao, wakafika Kingsmill na kuikuta miili barabarani. Wawili hao wamekuwa marafiki kwa miaka mingi, na katika kisa chote hiki huenda ndio pekee wasiohitaji kuambiwa hadithi ianzie wapi.

Kwa jumla, hesabu haina siri kubwa. Karibu asilimia sitini ya waliokufa waliuawa na makundi ya Kirepublika, karibu thelathini na makundi ya Kiprotestanti, na karibu kumi na polisi na majeshi ya serikali. Wanamuungano huishika sitini. Wazalendo huishika kumi, nao hujibu kwamba maelfu ya wanaume wa IRA walifungwa, ilhali askari aliyeua raia hakuwa na haja ya kujificha, kwa kuwa serikali ilimwandikia udhuru.

Hoja hiyo ina mzizi unaofika Afrika Mashariki. Mwaka 1971 wanaume kumi na wanne waliofungwa bila kushtakiwa walifunikwa vichwa kwa magunia, wakasimamishwa ukutani kwa saa nyingi, wakanyimwa usingizi na chakula, huku wakipigiwa kelele isiyokoma. Uchunguzi wa Lord Parker wa mwaka 1972 ulieleza waziwazi kwamba mbinu hizo zilikwisha kutumika Kenya, Aden na Ghuba ya Uajemi, miongoni mwa sehemu nyingine. Kamanda wa brigedi ya jeshi mjini Belfast tangu 1970 hadi 1972, Frank Kitson, ndiye aliyeandika kitabu juu ya kupambana na Mau Mau kwa kutumia magenge ya waasi waliogeuzwa. Belfast alikuta Wakatoliki wa Ballymurphy. Kumi waliuawa huko Agosti 1971. Ilichukua hadi Mei 2021 jaji kutamka kwamba hawakuwa na hatia yoyote.

Derry nako ni hivyohivyo. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji. Kumi na watatu walikufa papo hapo na mwingine baadaye. Uchunguzi wa kwanza, wa Lord Widgery, ulimalizika kwa majuma machache na kuwalinda askari. Wa pili, wa Lord Saville, ulichukua miaka kumi na miwili na kugharimu pauni zipatazo milioni 200, na Juni 2010 Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Maili chache kutoka hapo kipo kijiji cha Claudy. Tarehe 31 Julai mwaka uleule wa 1972 mabomu matatu yaliyotegwa ndani ya magari yaliwaua watu tisa, Wakatoliki na Waprotestanti, mdogo wao akiwa msichana wa miaka minane. Hakuna aliyehukumiwa. Miezi miwili baada ya Cameron kuomba radhi, taarifa ya mchunguzi wa polisi ilionyesha kwamba polisi, serikali na Kanisa Katoliki walikubaliana kumhamisha padri aliyeshukiwa badala ya kumkamata. Wafiwa wa Claudy hawakupata milioni 200, na wapo Wanamuungano wanaolitaja jambo hilo kila Derry inapotajwa. Si haki kuwalaumu kwa kulitaja. Ni haki kuuliza kama wangelitaja Derry isingetajwa.

Mwaka 2023 bunge la London lilipitisha sheria ya kusitisha kesi na kuwaahidi msamaha wenye kusema ukweli. Vyama vyote vikubwa vya jimbo hilo, vya Wazalendo na vya Wanamuungano, viliipinga, kila kimoja kikihofia kwamba atakayesamehewa ni muuaji wa upande wa pili. Februari 2024 mahakama ya Belfast iliona kuwa msamaha huo unakiuka haki za binadamu. Sheria hiyohiyo iliweka tarehe 1 Mei 2024 kuwa mwisho wa mashauri yote ya uchunguzi wa vifo ambayo hayajakamilika.

Shauri la Kingsmill, lililoanza kusikilizwa mwaka 2016, liliwahi kwa majuma machache. Tarehe 12 Aprili jaji alisoma uamuzi wake: lilikuwa shambulio la wazi la kidini, na waliolifanya ni IRA, ingawa wakati ule walijificha nyuma ya jina jingine. Hakuna hata mmoja wa wahusika aliyekuja kueleza. Mnara wenye majina ya wale kumi umesimama kando ya barabara ile, na nyumba ya Whitecross haiko mbali nao.