Akiba Iliyo Chini ya Ufipa

Mtu akiitazama ramani ya Rukwa atasema sisi wa Ufipa hatuna haki ya kulalamikia maji. Magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, nasi tuko katikati. Lakini hebu tazama vimo. Maziwa yote mawili yako kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko juu zaidi ya mita 1,700. Ni kama mtu aliyekaa darini na mitungi yote iko uani. Maji yetu tangu enzi za mababu ni mvua, na mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga mlango. Swali la Ufipa basi limekuwa moja siku zote: mvua ya masika ukaiweke wapi ikufikishe Oktoba?

Kuiacha wazi juu ya ardhi ni hasara. Ushahidi ni Ziwa Rukwa lenyewe. Mito inalimwagia maji, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka humo kwenda baharini, kwa hiyo anayeyachukua maji yale ni jua, na chumvi inabaki. Mzungu Joseph Thomson alipoliona mwaka 1880 alilipa jina la Leopold, utadhani wenyeji walikuwa wakiliita "lile pale". Mwaka 1929 ziwa lilikuwa limesinyaa, urefu wake kama kilomita 50 tu. Miaka kumi baadaye, 1939, lilikuwa na kilomita kama 130. Ziwa la namna hiyo huwezi kulitegemea, ni kama mdeni anayelipa akipenda.

Mvua inayobaki kwetu ni ile inayozama. Chini ya udongo wa Ufipa kuna mwamba mgumu wa kale, na juu ya mwamba huo kuna tabaka la mawe yaliyooza na kulainika kwa miaka mingi mno. Maji hupenya hadi hapo yakakaa kama uji ndani ya sifongo, kisha hutokeza polepole kwenye kingo za mabonde. Chemchemi ya Septemba ni mvua ya Februari iliyochelewa njiani. Ndilo tangi letu, na hakuna fundi aliyelijenga.

Mababu hawakuwa na maneno ya kijiolojia, ila walikuwa na jembe. Mvua ikielekea kupungua, Wafipa walikuwa wakifyeka majani, wakageuza udongo wenye nyasi na kuyafukia ndani ya matuta makubwa ya mviringo yanayoitwa ntumba. Juu ya tuta walipanda maharage. Nyasi zikaoza ndani kwa ndani, na masika yaliyofuata tuta lilisambazwa, ukapandwa ulezi. Wataalamu wa kilimo wa Kiingereza waliyaandika mambo haya, wakasifu mbolea. Mimi naongeza moja: shamba la matuta halina mteremko wa kukimbizia maji. Tone likidondoka linakutana na tuta, halafu shimo, halafu tuta jingine, hadi linachoka na kuzama. Bibi yangu aliyelima ntumba mpaka mgongo ukapinda aliniambia kwamba mvua ya siku hizi "ina haraka". Nadhani mvua ni ile ile, ila shamba ndilo halimzuii tena mgeni.

Kisha likaja taifa huru na mipango yake, nami siidharau. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400. Mkoa wetu ulizaliwa 1974 kwa kumegwa Mbeya na Tabora, na miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji ikawa inawahamisha watu kwa maelfu nchini kote. Mahali pengi kijiji kipya kilipangwa kando ya barabara, wakati mzee aliyeanzisha kijiji cha zamani alikuwa ametangulia kuuliza chemchemi iko wapi. Miaka ya 1980 Wanorwe, kwa shirika lao la NORAD, walisaidia kuchimba visima vya pampu za mkono na kuvuta mabomba ya mserereko. Watu walikunywa maji safi, watoto wakapona matumbo. Lakini tazama jinsi tulivyohesabu: visima vingapi, pampu ngapi, ngapi zimekufa kwa kukosa vipuri. Hesabu zote hizo ni za kutoa. Upande wa kuingiza haukuwa na mhasibu.

Na watoaji tunaongezeka. Sensa ya 2012, mwaka ule ule Katavi ilipojitenga, ilihesabu watu 1,004,539 Rukwa. Ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Pale mjini kila anayepata kiwanja anachimba kisima, na hatua chache kutoka kisimani anachimba choo cha shimo. Kabatini na pipa la taka amevipa chumba kimoja.

Wenzetu wa Dodoma wametangulia kwenye njia hii, nasi tungesoma kwao. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, nchi kavu kabisa, na maji mengi ya mji yamekuwa yakitoka visima vya Makutupora, kaskazini ya mji. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 jiji hilo limekaribia kuwa maradufu. Bahati yao ni kwamba kina cha maji ya Makutupora kimepimwa tangu miaka ya 1950. Daftari hilo lilipochapishwa na watafiti mwaka 2013 lilionyesha jambo la kutisha na kufariji kwa pamoja: maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha huja masika makubwa yasiyo ya kawaida na kulijaza tangi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zililijaza kuliko zote. Watu wengi tunaikumbuka El Niño kwa madaraja yaliyobebwa. Kumbe chini kwa chini ilikuwa inalipa madeni.

Wakamba wa Kenya hawakungoja El Niño. Huko Kitui na Machakos wanajenga ukuta kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga, ambako jua haliyafikii kirahisi. Shirika la SASOL la Kitui limejenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Kwa vijito vya mchanga kule bondeni Rukwa ningependa tujaribu. Huku juu sidhani, udongo wetu si ule. Huku juu paa la tangi ni msitu wa Mbizi na nyasi za vilima, na moto wa kila kiangazi unalitoboa paa hilo. Ardhi iliyoungua hupigwa na mvua ya kwanza ikawa ngumu, na maji yanateremka mbio kwenda Ziwa Rukwa kulipa kodi ya jua.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne tu, sina mashine. Nimetafuta kamba, nimefunga fundo kila baada ya dhiraa moja na jiwe mwishoni, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nashusha kwenye kisima cha jirani yetu na kuandika mafundo yaliyorudi makavu. Daftari lina kurasa tatu sasa. Mama mwenye kisima alinivumilia miezi miwili, wa tatu akaniuliza, "Mwanangu, unataka kukinunua au?"