Wimbo na jamaa zilizovunjika

Kutawanyika kwa jamaa si jambo jipya Kabambare. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita hapa ikitoka Kasongo kwenda Ujiji. Askari wa Leopold II waliteka Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ileile iliyotenganisha watu.

Vita vya siku zetu vimeongeza jeraha lingine: mama aliyebakwa na wenye silaha anafukuzwa na bwana yake, na watoto wanabaki katikati. Kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Kutibu mwili peke yake hakukutosha. Baadaye Panzi, pamoja na shirika Make Music Matter la Kanada, iliingiza muziki katika matunzo. Wamama wanakaa kikundi pamoja na mtaalamu wa mambo ya moyo na fundi wa muziki. Wanatunga nyimbo juu ya yaliyowapata, wanazirekodi studioni, kisha zinapigwa redioni na mbele ya watu.

Nguvu yake iko hapo. Neno ambalo mama hawezi kumwambia bwana yake uso kwa uso, wimbo unaweza kulifikisha. Lakini wimbo unataka masikio. Wababa, mashangazi, wakwe: mkisikia sauti ya namna hiyo redioni, msizime. Anayesikilizwa hurudi nyumbani kwa urahisi.