Pahali dawa haikufika

Mu 1948 munganga Sidney Farber wa Boston alionyesha kama dawa inaweza kutuliza kansere ya damu ya batoto. Furaha haikudumu. Damu inakuwa safi, kisha ugonjwa unarudia kwenye utando unaofunika ubongo, juu dawa inayotembea na damu haipite muzuri kule. Basi banganga wakaanza kutia metotreksati kwa sindano mu maji ya uti wa mgongo, mara na mara. Mutoto gani atavumilia ile?

Mu 1963 Ayub Ommaya, mzaliwa wa Pakistani aliyefanya kazi Marekani, akatangaza kifuko kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kichwa, na mpira mwembamba unaoshuka mpaka kwenye maji ya ubongo. Sindano inachoma kifuko tu. Kingali kinatumika, hata kwa kansere ya matiti iliyofika kule. Mara nyingi haiponyeshe. Inatafutia mugonjwa siku.