Ala Isiyolia: Makumbusho ya Uganda na Swali la Maonyesho ya Mtandaoni

Mjadala kuhusu maonyesho ya makumbusho mtandaoni katika ukanda wetu aghalabu huanzia kwenye vifaa: kamera ya aina gani inunuliwe, picha ziwe na ubora kiasi gani, tovuti itunzwe na nani. Maswali hayo ni ya lazima, ila huulizwa mapema mno. Makala haya yanatetea hoja kwamba mvuto wa onyesho la mtandaoni hutokana kwanza na uamuzi wa kihistoria, yaani kitu kinachoonyeshwa kilifanya kazi gani mikononi mwa waliokitengeneza, na mgeni apewe nafasi gani ya kuikaribia kazi hiyo. Makumbusho ya Uganda yalilikabili swali hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita, pasipo kompyuta, na jibu lake lingali na manufaa.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, kwenye kilima cha Old Kampala. Wenyeji waliyaita Ennyumba y'Amayembe, nyumba ya mayembe, yaani pembe zilizoaminiwa kuwa makao ya nguvu za mizimu. Jina hilo halikuwa la sifa. Vitu vilivyokuwa na sauti, miiko na watunzaji wake vilikuwa vimekusanywa chini ya paa la serikali ya kikoloni na kupangwa vitazamwe tu. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalikwenda mbali zaidi: mmisionari John Roscoe aliyapeleka Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, na hayakurudi Kampala hadi mwaka 1962, Uganda ilipokuwa inapata uhuru.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Klaus Wachsmann, mwanamuziki na mtafiti Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeukimbia utawala wa Wanazi na kufika Uganda mwaka 1937. Aliyasimamia makumbusho kuanzia 1948 hadi 1957, na katika kipindi chake yalihamia jengo jipya la Kitante lililosanifiwa na Ernst May. Wachsmann hakuridhika na ngoma iliyofungiwa kabatini. Aliajiri wapigaji. Maarufu zaidi miongoni mwao alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigia wageni ala na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Ni rahisi kumpa Wachsmann sifa zote, na maandishi mengi yamefanya hivyo. Lakini bila Muyinda na wenzake makabati yale yangebaki bubu.

Mfano wa amadinda unaonyesha kilichokuwa hatarini. Hii ni marimba ya Kiganda yenye vibao 12. Ukiipiga picha, hata kwa kamera bora kuliko zote, mtazamaji ataona vipande vya mbao vilivyolazwa juu ya migomba na kudhani ni ala ya mtu mmoja. Kumbe hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza na mfululizo wake wa sauti kwa mwendo usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, huketi upande wa pili na kupenyeza sauti zake katikati ya zile za mwenzake, hata mwendo wa jumla ukawa wa kasi maradufu. Wa tatu, omukoonezi, husikiliza mfumano huo, akaokota humo wimbo ambao hakuna kati ya wale wawili aliyeupiga peke yake, na kuurudia juu ya vibao viwili vya mwisho. Wimbo, basi, haumo katika mbao wala katika mkono wa mtu mmoja. Maelezo mafupi yanayosema "marimba, mbao, Buganda" ni sahihi kwa kila neno, na bado yanampotosha msomaji.

Kati ya mwaka 1949 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wachsmann alizunguka Uganda akinasa muziki. Thamani ya rekodi hizo ilibadilika ghafla mwezi Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote yalipoishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Ala za ikulu ziliharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Entenga, seti ya ngoma 15 zilizopigwa kwa ajili ya Kabaka, 12 kati yake zikiwa zimerekebishwa kutoa sauti za wimbo, ilinyamaza. Rekodi zilizokuwa kielelezo cha kitaaluma zikawa ushahidi wa kilichopotea.

Ushahidi huo ulikuwa London. Baadaye Maktaba ya Uingereza iliuweka mtandaoni, na mtu aliyekuwa Kampala aliweza kuusikiliza bila kupanda ndege. Sehemu nyingine ya jitihada hizo ni hifadhi ya sauti na picha ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyopewa jina la Wachsmann, ambako nakala zilirejeshwa. Umuhimu wa nakala hizo ulidhihirika mwezi Oktoba 2023, shambulio la kimtandao lilipoiangusha mifumo ya Maktaba ya Uingereza, pamoja na tovuti yake ya sauti. Shambulio moja lilitosha kufunga mlango uliochukua miaka mingi kufunguliwa. Mshauri wa sera anayeambiwa kwamba urithi wa nchi yake "uko salama mtandaoni" ana haki ya kuuliza: katika seva ya nani?

Kuhusu usanifu wenyewe, kielelezo kinachostahili kusomwa kwa makini ni Digital Benin, mradi uliozinduliwa Novemba 2022 kutoka jumba la makumbusho mjini Hamburg. Ulipozinduliwa uliunganisha taarifa za vitu zaidi ya 5,000 vilivyotawanyika katika taasisi 131 za nchi 20, vingi vikiwa vimeporwa na majeshi ya Uingereza mjini Benin mwaka 1897. Mambo mawili yanautofautisha na orodha za kawaida. Vitu vimepewa majina na mpangilio wa lugha ya Kiedo, na masimulizi ya wazee yamewekwa bega kwa bega na kumbukumbu za makumbusho. Aidha, majina ya waliovimiliki vitu hivyo baada ya uporaji yameandikwa wazi, kiasi kwamba mtu anaweza kufuata njia kutoka kwa ofisa wa jeshi hadi kwa mnadi na hatimaye kabatini. Historia ya umiliki, ambayo makumbusho mengi huificha katika majalada, imefanywa kuwa sehemu ya onyesho. Hata hivyo, Digital Benin ni hazina ya mtafiti zaidi kuliko onyesho la mwananchi. Anayeingia bila swali mahususi hupotea haraka.

Somo la historia ya umiliki linatuhusu moja kwa moja. Juni 2024, vitu 39 kutoka mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Cambridge viliwasili katika Makumbusho ya Uganda. Vilikuja kwa mkopo. Neno hilo moja lina uzito kuliko picha zote zitakazopigwa, na onyesho la mtandaoni litakaloliacha litakuwa limemficha mgeni jambo la kwanza analopaswa kujua.

Ukurasa wa amadinda ungeweza kujengwa kwa gharama ndogo. Mgeni asikie kwanza sehemu ya omunazi peke yake. Akigusa kitufe, omwawuzi aingie. Akigusa tena, aulizwe iwapo anausikia wimbo wa tatu kabla omukoonezi hajaupiga. Hapo mgeni ana la kufanya, na analolifanya ndilo alilolifanya mpigaji. Maelezo yawe kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Dakika moja ya sauti iliyobanwa vizuri huchukua takriban nusu megabaiti, mzigo ambao simu ya kawaida inaumudu. Majengo ya pande tatu yanayozungushwa kwa kidole, yanayopendwa mno na wafadhili, humaliza bando kabla ya mgeni kuona chochote.

Entenga inahitaji mkataba wa namna nyingine. Ilikuwa ngoma ya Kabaka, na tangu ufalme urejeshwe mwaka 1993 kuna wenye haki ya kuulizwa kipi kisikike hadharani na kipi kisikike kwa ruhusa. Mkataba huo utiwe saini kabla ya faili la kwanza kupakiwa, na utamke kwamba nakala kamili, si kiungo cha kwenda tovuti ya ng'ambo, itakaa Kampala.