Falme za Intaneti na Kumbukumbu Zetu



Nabii Danieli anatusimulia ndoto ya mfalme Nebukadneza: sanamu kubwa yenye kichwa cha dhahabu, lakini nyayo zake ni chuma kilichochanganyika na udongo. Falme hupokezana. Historia fupi ya intaneti inatupatia mfano wa karibu.

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti kwa mafungu, kama mkutubi apangavyo vitabu. Hivyo ikazaliwa Yahoo, na hata kwetu wengi walifungua huko anwani yao ya kwanza ya barua pepe. Tovuti zilipoongezeka, orodha iliyopangwa kwa mkono wa binadamu ikaelemewa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, walianzisha Google, iliyopima uzito wa ukurasa kwa kurasa nyingine zinazouelekea. Mwaka 2000 Yahoo yenyewe iliikabidhi Google kazi ya utafutaji katika tovuti yake. Mwenye nyumba alimkaribisha mrithi wake! Mwaka 2008 Yahoo ilikataa zaidi ya dola bilioni 40 za Microsoft. Mwaka 2017 biashara yake kuu iliuzwa kwa chini ya dola bilioni 5. Google nayo, Agosti 2024, ilihukumiwa na mahakama ya Marekani kuwa ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake.

Katika kupokezana huko, nani aliumia? Mwaka 1999 Yahoo ilinunua GeoCities, ambako watu wa kawaida walijitengenezea kurasa za familia zao bila malipo. Mwaka 2009 iliifunga huko Marekani. Watu wa kujitolea walinakili walichoweza, mengine yalitoweka.

Ndugu zangu, kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaiagiza kila parokia kutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, kwa maana kila jina lina thamani mbele ya Mungu. Leo picha za ubatizo wa watoto wetu na sauti za wazee waliotutangulia zimo katika ghala za matajiri tusiowajua. Tutumie ghala hizo kwa shukrani, lakini tusiziachie peke yake urithi wetu. Juma hili, kila familia iandike katika daftari majina ya babu na bibi zake, na isafishe walau picha moja ya kuhifadhi nyumbani.

Mungu awabariki.

Padre wenu