Simu ya Kuzungusha na Wazee Walioishikilia

Tunapotaja utamaduni wa taifa, fikira zetu hukimbilia ngoma, ususi na mashairi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba hata chombo cha kiwandani, kikikaa nyumbani kwa miongo kadhaa, huingia katika desturi za watu wa nyumba ile. Natutazame simu ya mezani ya Marekani, ile nzito ya kuzungusha nambari, ambayo wazee wengi walikataa kuiacha.

Ufundi wake ni rahisi. Mtumiaji hutia kidole katika tundu la kisahani, akakizungusha hadi kizuizini, kisha akakiachia. Kisahani kinaporudi kwa nguvu ya kamani hukata mkondo wa umeme: mara tatu kwa 3, mara kumi kwa 0. Mitambo ya kituo cha simu huihesabu mikato hiyo. Mwaka 1963 ilitolewa simu ya vitufe, itumiayo milio. Makampuni yakatoza ada ya ziada kila mwezi kwa huduma hiyo mpya, na wazee waliozoea kuhesabu senti hawakuona sababu ya kulipia wepesi wa vidole.

Lipo jambo ambalo vijana wa leo huenda wasilisadiki: simu ile haikuwa mali ya mwenye nyumba. Kwa muda mrefu shirika la AT&T lilimiliki sehemu kubwa ya nyaya, vituo na hata chombo chenyewe, kilichoundwa na kampuni yake ya Western Electric. Mteja alikikodi tu. Na kwa kuwa matengenezo yalikuwa juu ya shirika, chombo kiliundwa ili kidumu. Shirika hilo lilipogawanywa tarehe 1 Januari 1984, kufuatia kesi ya serikali, wateja waliweza kununua simu zao au kuendelea kuzikodi. Wazee wengi waliendelea kulipa kodi ile mwaka baada ya mwaka, hata ikapita bei ya chombo mara nyingi. Shauri lililofunguliwa kwa niaba ya wateja lilimalizwa kwa suluhu mwaka 2002. Sisi hatuwacheki. Hati ya malipo ilikuja kama ilivyokuja siku zote, nao walikuwa kizazi kilichofunzwa kulipa deni.

Lakini si kweli kwamba ukaidi huo haukuwa na hekima. Waya wa shaba huleta pamoja na sauti umeme wa volti 48 kutoka betri za kituo, hivyo simu huendelea kufanya kazi hata nyumba nzima ikiwa gizani. Simu ya leo ipitiayo intaneti hunyamaza umeme ukatikapo, isipokuwa iwe na betri yake.

Kwetu Tanzania simu ya waya ilifika katika nyumba chache, na simu ya mkononi haikukuta mengi ya kung'oa. Uingereza mambo ni tofauti. Huko wazee wengi huvaa kifaa cha kubonyeza ili kuita msaada waangukapo, na vingi vya vifaa hivyo vilitegemea waya wa zamani. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya baadhi yao kukosa msaada walipohamishiwa mtambo mpya, serikali iliyataka makampuni yasimamishe kuwahamisha watu kwa lazima. Mwaka uliofuata kampuni ya BT ilitangaza kwamba kufungwa kwa nyaya za zamani, kulikopangwa kukamilika Desemba 2025, kumesogezwa hadi Januari 2027.